Herdis, Uliyesema "Si Mbaya"

Mwaka mzima umepita, Herdis, tangu mapafu yako yalipogoma kabisa.

Miaka ishirini na sita ulikata samaki kiwandani hapa Thyborøn, mji wetu wa wavuvi wa pwani ya magharibi, na jirani akiugua alipata mkate wako mweusi kabla hajamwona daktari.

Chembe za damu ulizopandikizwa kutoka kwa dada yako Asta ziliua saratani yako ya damu. Madaktari wakatangaza umepona. Kisha chembe zile zile zikakugeukia, zikaushambulia mwili wako. Mate yalikauka. Machozi yalikauka, tukamzika mama yako ukiwa na macho makavu, na watu wakakusema. Ngozi ya mikono ikakaza, kisu hukukishika tena. Ukacheka, ukaniambia: "Egon, nianike ukutani na wale samaki wa kukaushwa."

Kila miezi mitatu hospitali kubwa ya mjini ilituma karatasi ya kuuliza unaishije. Unalalaje? Unapumuaje? Kalamu ilikushinda, nikaandika mimi. Ulijibu kwa neno letu la huku magharibi: si mbaya. Huku mtu akivunjika mguu, si mbaya. Nyumba ikiungua, si mbaya. Nilijua una maana gani, nikaandika ulivyosema, maana sisi hatukulelewa kuwalalamikia wakubwa. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini wao ndio waliosomea kazi hiyo. Daktari akapiga simu, akakupa hongera, eti unaishi vizuri kuliko wengi, sasa uende mara moja tu kwa mwaka. Kipimo cha mapafu, kile cha kupuliza, kikafutwa. Nikamweleza kwamba hufiki kwenye kisanduku cha barua bila kukaa chini njiani. Akanijibu, "Mzee, mwenyewe amesema si mbaya. Tumwamini yeye."

Walipokuja kuyapima mapafu, zaidi ya nusu yalikuwa yameshakwisha. Daktari yule yule akauliza kwa nini hatukusema.

Ukamtazama. Ulivuta pumzi tatu ndipo ukapata sauti.

"Tulisema."

Nimewaandikia wakubwa barua mbili. Wamejibu kwamba taratibu zote zilifuatwa. Sawa, zilifuatwa hadi kaburini.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Egon, binti yetu Solvej, na dada yako Asta, ambaye kila Jumapili huja kaburini kwako kukuomba msamaha kwa ajili ya damu yake. Asta, acha. Aliyekosa si wewe.

Herdis, wewe hatutakusahau kamwe. Na wao pia hatutawasahau.