Hodi kwa Majani Makavu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukiinuka? Huku Bredäng mimi na wajukuu wako hatujambo. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiswidi, tunaelewana hivyohivyo. Nimeandika karatasini kwa sababu kwenye simu ungenikatiza uanze kunigombeza.

Ile kazi ya usafi kwenye nyumba ya vipepeo, wanakofugwa watu walipe kuwatazama, nilikuwa bado kwenye majaribio, imebaki wiki moja bosi aamue. Wiki hiyohiyo wakaletwa vipepeo saba wa misitu ya milimani huko Asia. Wakifungua mabawa ni bluu inayong'aa kushinda kitenge chako cha Idi. Wakiyafunga ni jani kavu kabisa, mpaka na madoa ya ukungu. Hilo la kufunga hakuna aliyeniambia.

Asubuhi nikakuta majani makavu njiani, kando ya ndizi zilizooza wanazolishwa. Sasa mama, nani alikuwa ananirudisha uwanjani kwa sababu ya jani moja la mparachichi? Nikafagia taratibu vumbi lisiruke, nikazoa, nikatia kwenye mfuko wa taka.

Bosi wangu, Birgitta, akaja. "Rehema, wale wa bluu wako wapi?"

"Wa bluu sijawaona. Kulikuwa na majani tu, nimeshayatoa."

Akashika kichwa. Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi, akapiga ukelele: "Woi! Umezoa wageni na takataka!"

Tukafungua mfuko. Majani sita yakaruka, bluu tupu. La saba hatukuliona. Nikaanza kulia, nikijua kazi imeniponyoka. Birgitta akaninyooshea kidole: "Usitikisike!" Lilikuwa limetua kwenye mtandio wangu. Nilisimama pale kama nguzo, machozi yananitiririka, watu waliokuja kutazama vipepeo wananipiga picha.

Ijumaa akaniita. "Wote saba umewazoa bila kuvunja bawa. Kazi ni yako. Ila usifagie jani kabla hujalisalimia."

Basi siku hizi nainama, nabisha hodi kwa kila jani. Likinyamaza, nabisha tena. Jana nimemkuta Birgitta mwenyewe amechuchumaa, anabembeleza jani la mgomba: "Hodi? Hodi?"

Nisalimie shangazi, na mdogo wangu Zuhura na cherehani yake. Nimekukumbuka sana, natamani uje. Ila siku ukija kuniona kazini, ukikuta njia ina majani, nakuomba mama yangu, ufagio usiuguse. Bado nina watoto wa kulisha.

Mwanao uliyemfundisha kufagia,
Rehema