Chumba cha Skola na Ngazi za Mjomba

Jumamosi, jioni. Mvua ya masika imekatika kama saa tisa, milima bado imefunikwa yote na mawingu, na nguo nilizoanika juzi hazijakauka. Nimechukia tangu asubuhi na sina mpango wa kuacha kabla sijaandika hapa.

Nimetoka kwenye nyumba yetu. Nyumba ni neno kubwa, maana kwa sasa ni kuta, bati na milango mitatu kati ya minane. Tunaijenga huku Bigwa, chini ya mlima, na tangu siku ya kuchora ramani tulikubaliana mimi na mume wangu kwamba itajengwa kumfuata binti yetu. Anaitwa Skolastika, sisi tunamwita Skola. Ana miaka tisa, alizaliwa na mtindio wa ubongo na anatumia kiti cha magurudumu. Tulitaka nyumba ambayo ataingia mwenyewe, atakwenda chooni mwenyewe, na akituchoka atatoka mwenyewe.

Basi. Sikuomba ghorofa.

Lakini kumbe jambo dogo kama hilo linahitaji ruhusa ya mji mzima. Seremala nilipomwambia milango yote iwe ya futi tatu, hata wa choo, aliniuliza kama chooni tunapitisha kabati. Akacheka peke yake. Jirani mmoja alitushauri tusihangaike na mambo ya kudumu, maana "watoto wa hivi" huwezi kujua. Huwezi kujua nini, hakumalizia. Nilimshukuru kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, na tangu siku hiyo nikimwona njiani navuka barabara.

Naomba radhi kwa Mungu, siyo kwake.

Sasa ya leo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na kiwanja hiki ni cha ukoo wa mama yangu. Kwa hiyo mwenye kauli si baba yangu, wala mume wangu ambaye pale ni mkwe tu. Mwenye kauli ni mjomba Kolumba, kaka yake mama. Mjomba hajawahi kumsukuma Skola hata hatua tatu, ila kauli anayo. Nami wiki hii nilikuwa upande wa Mzumbe nikisimamia mitihani kwenye shule moja, siku tano. Siku tano tu niliwaachia nyumba.

Nimerudi leo nikakuta ngazi.

Ngazi nne, mlango wa mbele, pale ambapo kwenye ramani pana mteremko wa kiti. Pana na nene, zimesakafiwa kwa saruji nyekundu, kila upande nguzo fupi yenye mpira wa saruji juu yake. Mpira! Nyumba haina hata mlango wa jikoni, lakini ina mipira miwili ya kumsalimia mgeni. Fundi Shabani, ambaye mimi mwenyewe nilimsomesha ramani ile mstari kwa mstari, akaangalia chini akasema mjomba alipita Jumatano. Mjomba alisema nyumba isiyopanda ngazi ni banda, na ukoo haujengi banda barabarani.

Na mteremko? Mteremko upo, mama Skola, tumeuhamishia nyuma.

Nikaenda nyuma. Umepita kando ya karo la choo, umesimama wima kiasi kwamba hata mbuzi angefikiria mara mbili, na juu yake fundi amepiga niru, ile saruji laini inayong'aa ya sakafu za sebuleni. Kwenye mteremko. Nje. Morogoro, masika. Na ukifika juu kabisa hufiki mlangoni, maana kuna kizingiti cha tofali zima. Nilipomwonyesha kizingiti, fundi akasema, "Hapo si mnamnyanyua tu kidogo, mama."

Mnamnyanyua tu. Hilo neno "tu" nimelisikia miaka tisa, na kila anayelisema mgongo wake ni mzima. Skola anakua. Nani atamnyanyua tu akiwa na miaka ishirini, mimi nikiwa na hamsini na nne? Mjomba?

Skola nilikuwa nimekuja naye; nikamkabidhi kwa mama anayewapikia mafundi, nikakichukua kiti chake, nikamwambia fundi akae, apande. Akadhani natania. Nikamwambia sitanii. Mvua ilikuwa bado inanyesha kidogo. Akakaa akicheka, akasukuma magurudumu mara mbili, akafika katikati, kisha kikaanza kurudi chenyewe, polepole, halafu siyo polepole, mpaka kikamtupa kwenye lundo la mchanga, miguu juu, kofia pembeni. Vibarua walilala chini kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilifurahi, lakini sikucheka.

Nimpe haki yake, aliinuka akajifuta, akautazama mteremko muda mrefu, akasema, "Mama Skola, hii imekaa vibaya. Nitaivunja." Angalau yeye alihitaji kuanguka mara moja tu.

Mjomba akafika wakati huohuo, na fimbo yake na koti lake la kanisani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akataka kuingia kwa mbele ili nione uzuri wa kazi yake. Mjomba ana magoti mabovu tangu zamani. Ngazi ya kwanza alipanda mwenyewe. Ya pili akashika mpira wa saruji. Ya tatu fundi akamdaka kwapani. Ya nne walimpandisha watu wawili, akafika juu anahema kama aliyetoka kulima, akageuka akaniambia, "Umeona, mpwa wangu? Hii sasa ni nyumba."

Niliona, mjomba.

Kisha likaja la chumba. Kwenye ramani nimempa Skola chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa la kutazama barabara. Mjomba akasimama ndani yake akakipiga macho, akasema chumba hiki ni cha wageni, mtoto apelekwe nyuma kule karibu na jiko, atapata hewa nzuri ya bustani. Hewa! Nimeshajifunza, watu wakitaka kumficha mtoto wako huanza kumwonea huruma ya hewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za hewa ya kaka yake Skola, na yule ana pumu. Mume wangu, ambaye nyumbani ana maneno mengi, alikuwa ameshika futi kamba anapima dirisha lililokwisha kupimwa na kutiwa nondo.

Nikasema. Yote nilisema, kwa sauti ya chini, kwa heshima, na kila neno nililinoa kwanza. Nilimwambia mjomba kwamba ngazi zitavunjwa, kwamba Skola atalala mbele, na kwamba yeyote anayeona aibu kumwona dirishani apite njia ya mtoni. Mjomba akasema nina kiburi. Akashushwa ngazi zake na watu wawili, akaondoka.

Kiburi ninacho. Ni kweli. Na acha niandike ambalo sijamwambia hata mume wangu: lile dirisha la mbele nililipenda kwa sababu Bigwa nzima inapita pale ikienda sokoni na mboga. Nilitaka wamwone mwanangu kila asubuhi, akiwa juu yao kidogo, kwenye chumba kizuri kuliko vyao. Nilishaziona sura zao. Kuna siku darasani nimezifikiria nikatabasamu, wanafunzi wakadhani nimefurahia majibu yao.

Baada ya mjomba kuondoka nikamtafuta Skola. Alikuwa jikoni, yaani palipopangwa kuwa jiko. Yule mama mpishi amejibanza humo kwa sababu ya mvua, ana mafiga yake na sufuria ya maharage. Skola amewekewa ungo mapajani anachambua mchele. Mkono wake mmoja haumtii vizuri, nusu ya mchele ilikuwa sakafuni, na yule mama wala hashughuliki, anamsimulia ugomvi wa majirani zake. Skola alikuwa anacheka mpaka mate yanamtoka. Mwezi mzima sijamsikia akicheka vile.

Nikamrudisha kwenye kiti chake, nikamsukuma mpaka chumba cha mbele, nikamwonyesha dirisha. Nikamwambia hiki ndicho chumba chako, nimekipigania leo. Akatazama. Skola husema polepole, neno moja linachukua muda wake, na watu wengi humalizia wenyewe wakaondoka. Mara nyingine na mimi. Leo nilikuwa nimechoka kusema, basi nikanyamaza nikasubiri.

"Sikitaki," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Huku ni wageni. Wananiangalia." Akapumzika. "Jikoni kuna watu."

Nikamuuliza, na mlango je, mama? Utapenda kuingilia wapi? Hapo hakupumzika hata kidogo. "Mbele. Mwenyewe."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa kumi. Chumba cha nyuma, karibu na jiko. Palepale aliposema mjomba. Atasikia, atakuja na fimbo yake, atasema si niliwaambia, atawasimulia kanisani kwamba mpwa wake msomi amerudi kwenye akili yake. Wazo hilo linanichoma kuliko ngazi, na ndiyo aibu yangu ya leo, kwamba mwanangu ameniambia anachotaka na mimi jambo la kwanza nililowaza ni mjomba ataonekana ameshinda.

Jumatatu fundi Shabani atavunja ngazi na ile mipira, ataweka mteremko mrefu wa saruji ya kukwaruza, mpaka mlangoni, bila kizingiti. Ukuta kati ya jiko na chumba cha nyuma utatobolewa mlango wa futi tatu. Chumba cha mbele kitakuwa cha wageni, na mjomba akitaka kulala humo alale. Apite kwenye mteremko, magoti yatamshukuru.

Wote hawa wamempangia Skola pa kukaa bila kumuuliza, nami nimewadharau mmoja mmoja kutwa nzima. Lakini ramani niliichora mimi. Lile dirisha kubwa, nilikuwa namjengea nani?