Sauti Ndani ya Dohani

Breña, Lima
Jumapili, 17 Agosti

Kwako dada yangu Hortensia,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Teodoro na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena kwa baridi ya mto. Je, mizabibu imeshapogolewa? Nimesikia maji yamechelewa kushuka Lunahuaná mwaka huu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, ingawa siku hizi ndoto ni nyingi kuliko usingizi wenyewe.

Huku jua hatujaliona tangu Juni. Ukungu umelala juu ya mapaa, unalowesha nguo bila mvua kunyesha, na mchana kutwa hujui kama ni asubuhi au jioni. Watu wanapita barabarani kama wanaogelea. Kwa hali hii ya hewa mtu anaweza kusimama mahali pamoja saa nzima akidhani ni dakika moja, na hilo ndilo lililonipata mimi.

Binamu Fidel ananiambia alikupigia akakwambia chifa ya Mzee Siu, huu mkahawa wetu wa vyakula vya Kichina, imeungua. Dada, haikuungua. Fidel akiona njiti ya kiberiti husema mji mzima umeteketea. Lakini moto ulikuwepo, na nataka uupate ukweli wake kutoka kwangu, pamoja na mambo ambayo Fidel hayajui.

Nianze na jiko lenyewe. Juu ya majiko yetu sita kuna kile kivuta moshi, sanduku kubwa la bati lenye feni ndani, nyavu za chuma chini yake za kunasia mafuta, na dohani inayopanda orofa mbili hadi juu ya paa la bapa. Mzee Genaro Siu anakipenda kuliko anavyompenda mkwewe. Siku yangu ya kwanza kazini, miaka saba iliyopita, alinisimamisha chini yake akaniambia, “Binti, huyu ni mnyama. Mpe hewa, msugue meno, hatakuuma. Mpuuze, atatumeza sote.”

Akanifundisha. Feni huwashwa kabla ya moto, wala haizimwi mpaka majiko yote yamezimwa na dakika kumi zimepita. Dirisha la nyuma liachwe wazi kidogo, maana feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Kikombe cha kukingia mafuta kimwagwe kila asubuhi. Nyavu zitolewe kila Jumatatu, siku tunayofunga, zilowekwe kwenye maji ya moto yenye sabuni na magadi, zisuguliwe mpaka maji yatoke meupe, na zikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Na mafuta yakiwaka kwenye karai, funga gesi, funika, zima feni ili isiuvute moto juu, na usiguse maji hata kama nywele zako zinaungua.

Abelardo, mpishi wetu wa karai, akadakia, “Mzee, nywele hizo umwonye Delfi. Zako zilishastaafu.” Mzee Siu akamrushia kitambaa. Ndivyo walivyokuwa hao wawili. Abelardo Ñaupari ni mtu wa Huancayo, mfupi, mpana, mwenye mikono ya mwanamieleka na utani usiokwisha. Aliniita dada Delfi tangu siku ile, na mama alipotutoka mwezi Machi, yeye ndiye aliyenishikia zamu zangu zote bila kuombwa.

Niliporudi kutoka mazikoni, kazi ya nyavu ilikuwa bado yangu. Lakini mikono yangu ilikuwa mizito. Jumatatu ya kwanza nikazifuta kwa mbele tu, zing'ae, nikazirudisha. Ya pili hivyo hivyo. Mzee Siu aliniuliza kama nimezisugua nikamwambia ndiyo, naye akaniamini kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu ya kutoniamini. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, dada. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule ambao hata kuinua sufuria ya maji unaona kama kupanda mlima.

Halafu mwezi wa Mei, alasiri moja, umeme ukakatika mtaa mzima. Saa tisa, wateja wa mchana wameondoka, nimebaki jikoni peke yangu. Feni ikanyamaza. Unajua, mtu akiishi na mngurumo ule miaka saba hausikii tena, anausikia unapokoma. Kimya kikashuka kama pazia. Na ndani ya kimya hicho, kutoka ndani ya dohani, ikaja sauti ya mwanamke.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa ni kule kupanda na kushuka kwa sauti, kama mtu anayejisemea mwenyewe chumba cha pili wakati wewe umelala nusu macho. Hortensia, ilikuwa sauti ya mama akimenya pallares dirishani, siku zile tulipokuwa wagonjwa wa surua tumefungiwa ndani, mapazia yameshushwa, naye anaongea na maharage yake. Nilisimama na kisu mkononi. Ukungu ulikuwa unaingia kwa dirisha la nyuma, bati linameta, na ile sauti ikateremka, ikateremka, mpaka nikahisi nikigeuka nitamwona na bakuli lake magotini. Umeme ukarudi. Feni ikamnyamazisha.

Kesho yake, saa tisa, nikaizima mwenyewe. Na kesho yake tena. Kila alasiri Abelardo alipotoka kwenda kuvuta sigara, nilibonyeza swichi, nikasimama chini ya dohani. Wakati mwingine supu ilikuwa bado inachemka, wakati mwingine jiko lilikuwa linawaka. Mvuke ulijaa, macho yakaniwasha, mafuta yakashuka taratibu kwenye zile nyavu ambazo sikuwa nimezisugua miezi miwili. Nilijua. Mzee Siu alinifundisha vizuri kabisa. Lakini kwa dakika zile nilikuwa mtoto mgonjwa kitandani, na mtoto mgonjwa hana kazi ya kufanya.

Moto ulitokea Alhamisi ya mwisho wa Julai, wiki ya sikukuu ya uhuru. Tulikuwa na oda ya wantán za kukaanga, zile kama sambusa ndogo za Kichina, za watu arobaini. Abelardo aliweka mafuta kwenye karai kubwa, akachungulia mlangoni akaniambia, “Dada Delfi, niangalizie mafuta, navuta mbili tatu narudi.” Nikamwitikia kwa kichwa, yeye keshageuka. Alipotoka nikazima feni.

Siku hiyo sauti ilikuja waziwazi kuliko siku zote. Nilifumba macho. Sijui muda gani ulipita. Kilichonizindua ni joto usoni, na nilipofumbua macho ukungu wa jikoni ulikuwa wa rangi ya chungwa. Karai lilikuwa linawaka, mwali umesimama wima hadi kwenye nyavu, na nyavu zenyewe zinadondosha moto, tone baada ya tone, kama mshumaa uliopinduliwa. Mafuta ya miezi yote ile. Nilibaki nimeduwaa kama sanamu.

Abelardo aliingia akikimbia. Akafunga gesi, akachukua kifuniko akakitupia juu ya karai, kisha akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani akaupulizia juu mpaka kila kitu kikawa cheupe. Tone moja lilimwangukia mkono wa kushoto, likamchoma kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni akasema, “Mama yangu wee, leo nimekuwa mshikaki wa anticucho.”

Mzee Siu alishuka mbio kutoka orofani. Akauliza nani aliacha mafuta motoni. Abelardo akasema aliniachia mimi. Wote wakanigeukia. Feni ilikuwa imezimwa, lakini kila mtu alidhani imezimwa kwa ajili ya moto, kama inavyotakiwa. Nikasikia mdomo wangu unasema, “Sikumsikia. Feni ilikuwa inanguruma.”

Halafu, dada, Abelardo akafanya jambo ambalo limeninyima usingizi. Akainamisha kichwa akasema, “Basi labda sikusema kwa sauti. Kosa langu, mzee.” Mzee Siu akamwambia aende akatibiwe na asirudi mpaka aitwe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemzika mtu.

Siku kumi na moja hakuitwa. Mkahawa ulifungwa ili jiko litengenezwe. Jumatatu ya pili Mzee Siu akaleta fundi wa kukwangua dohani, akanituma nipande naye juu ya paa nimshikie ndoo. Yule fundi alipofungua kifuniko cha juu, ukuta wa ndani ulikuwa umevaa mafuta meusi unene wa kidole, yameungua hadi karibu kabisa na mdomo. Alipiga mluzi. Akasema moto ungepata pumzi moja zaidi, ungetokea hapa tuliposimama.

Nikageuka kuangalia hapo tuliposimama. Kulikuwa na kamba za nguo, mashuka mengi yakipepea kwenye ukungu, jogoo mmoja kwenye tundu, na mwanamke mzee amekaa kwenye beseni lililogeuzwa, hatua tatu kutoka mdomo wa dohani. Anaitwa Celmira, anafulia watu. Anakaa pale, akaniambia, kwa sababu bati la dohani lina joto na mifupa yake inalipenda. Kila siku saa tisa, baada ya kuanika, hukaa pale amgombeze jogoo wake.

Nilimuuliza kama huimba. Akacheka mpaka akakohoa. “Mimi? Mwanangu, nikiimba mashuka yanachanika. Kumbe mnanisikia huko chini? Basi mmeyasikia matusi yangu yote!” Sauti yake ni nene, ya kukwaruza, ya mtu wa Chincha aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Haifanani na ya mama hata kidogo. Dohani ndiyo iliyoilainisha, na mimi nikaimalizia.

Alinionyesha shuka lenye matundu ya cheche. Aliniambia siku ile ya moto alikuwa amekaa pale pale, na alipoona moshi mweusi unatoka alihangaika kumfungulia jogoo badala ya kukimbia. Alisema hivyo kama kichekesho. Mimi niliiweka chini ile ndoo ya mafuta yaliyokwanguliwa.

Nilishuka moja kwa moja kwa Mzee Siu nikamwambia yote: nyavu, swichi, kwamba nilimsikia Abelardo na nikaitikia. Alifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, “Ungeniambia unataka kusikiliza, ningezima majiko yote mwenyewe, nikakuletea kiti.” Hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza. Akaniagiza niende mwenyewe kwa Abelardo, nisitume mtu.

Nilikwenda hadi kwao, juu ya ngazi ndefu za San Juan de Lurigancho. Alinisikiliza amesimama mlangoni na bendeji yake. “Yaani siku zote hizi najilaumu kwa ububu wangu,” akasema, “kumbe wewe ndiye kiziwi wa kujitakia?” Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifunga mlango. Mkewe akaufungua tena akaniletea kikombe cha chai, nikakinywa ngazini peke yangu, mji wote umezama kwenye ukungu chini yangu.

Amerudi kazini tangu juzi. Ananiita Delfina, jina kamili, kama karani wa serikali. Nyavu nazisugua mimi, na Mzee Siu anakuja kuzikagua kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nastahili.

Sasa, dada, vuta kiti ukae, kama hujakaa. Haya yote yaliyotangulia nimeyaandika ili nipate ujasiri wa kufika hapa.

Unakumbuka siku ile ya Machi mama alinipigia kutoka hospitali kwa simu ya muuguzi, na jioni yake akafariki. Wewe na mama mlikuwa hamsemeshani mwaka mzima kwa ajili ya lile shamba la chini, na wewe ulikuwa hujaenda kumwona. Kwenye mazishi ulinishika mabega ukaniuliza kama alikutaja. Nikakwambia, “Alisema amekusamehe, na shamba ulilime kwa amani.” Ulilia mpaka Teodoro akakubeba. Umeniambia mara nyingi kwamba maneno hayo ndiyo yanayokulaza.

Hortensia, sikuyasikia. Simu iliniita saa ya mchana, majiko yote sita yanawaka, feni inanguruma juu ya kichwa changu. Ningeweza kutoka nje. Hatua tano tu hadi mlangoni. Lakini nilikuwa na sahani tatu mkononi, nikaibana simu begani nikasema, “Ndiyo mama, ndiyo mama, sawa,” kwa kila kitu, nikitaka amalize. Alizungumza muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilisikia neno moja tu, jina lako, na alilitaja mara mbili. Mengine yote yalipanda na moshi. Kile nilichokwambia nilikitunga pale pale makaburini, kwa sababu uso wako ulikuwa unataka, na mimi sikuwa na kingine cha kukupa.

Labda alisema hivyo hasa. Labda alitaka tu uje na shali yake. Sijui, na sitajua, na sasa wewe pia hujui, nami ndiye niliyekunyang'anya. Nisamehe kama utaweza. Ukishindwa nitaelewa. Lakini jina lako alilitaja mara mbili, kwa sauti ya chini, na hilo sikulitunga.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na umpe pole jirani Asunta kwa kuondokewa na mumewe. Fidel mwambie apunguze chumvi. Sitarajii unijibu upesi. Ila siku utakayotaka kuniambia lolote, hata liwe la hasira, piga simu saa yoyote. Nitaweka chini kila nilichoshika, nitatoka hadi barabarani, na sitasema “ndiyo” mpaka umalize.

Mdogo wako akupendaye,
Delfina Chumpitaz