Marobota ya Elrico

Jumatatu, 6 Januari

Ofisi ya halmashauri imefunguliwa leo baada ya likizo. Nimeenda. Foleni fupi. Binti wa dirishani aliigeuza ramani ya nyumba aliyoichora Elrico huku na huku, akauliza ukuta huu ni wa nini. Nikamwambia ni marobota ya mabua ya ngano, yanapangwa kama matofali halafu yanakandikwa udongo na chokaa. Akasema kwa nyumba ya namna hiyo lazima mhandisi aweke saini kwamba kuta zitabeba paa. Bila saini hapokei. Na mwenye ramani aje mwenyewe.

Nikasema amefariki. Tarehe kumi na tisa Desemba, tairi lilipasuka barabara ya vumbi. Nilisema vizuri tu, kama mtu anayetaja namba ya simu. Aliyelia ni yule binti. Nikampa leso yangu.

Daftari hili ni la Elrico. Kurasa za mwanzo ni vipimo vyake. Naandika kuanzia nyuma. Kwa nini, sijui. Lilikuwa mezani na kalamu ndani yake.

Jumanne, 7 Januari

Mume wangu Dawid anataka tuyauze marobota kwa watu wa kondoo, wayatandike zizini. Anasema tutafute nyumba ya matofali kama watu wengine.

Tutaipata wapi? Hapa shambani tunatoka mwisho wa Februari. Dawid amestaafu, na dereva mpya anahamia na watoto watatu. Ghala lenye marobota nalo bosi analitaka mwisho wa mwezi huu. Tulichonacho ni kiwanja kule kijijini alichonunua Elrico, msingi aliomwaga Oktoba, na marobota mia tatu na kumi aliyoyafunga mwenyewe, siku chache kabla ya ajali. Basi.

Nikamwambia Dawid nitamtafuta mhandisi. Akasema, “Haya, tafuta.” Siku hizi haniiti Mama Elrico. Ananiita “sikia”.

Jumatano, 8 Januari

Nimempigia mhandisi wa kwanza. Mzee, sauti ya kukwaruza. Nilipotaja mabua alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka na mdomo kaufunika. Akasema, “Mama, mimi naweka saini kwenye saruji na chuma. Mabua ni mali ya ng'ombe. Muulize ng'ombe.”

Wa pili akasema yuko likizo mpaka katikati ya mwezi. Wa tatu akaniuliza nina bima gani. Sina.

Nilipaswa kukasirika. Niliingoja hasira ije. Haikuja. Nikamenya viazi.

Ijumaa, 10 Januari

Muuza chokaa kanipa namba ya mhandisi wa mji wa Swellendam, Nokwazi Dlomo. Mwanamke! Hakucheka. Aliuliza kuta zina urefu gani kwenda juu, robota moja lina uzito gani, limefungwa kamba mbili au tatu. Nikamsomea kutoka daftarini. Akasema huyo aliyeandika anajua anachokifanya.

“Ni nani, Mama?”

“Mwanangu.”

“Yuko hapo niongee naye?”

“Hayupo.”

Akadhani yuko kazini. Sikumsahihisha. Sina sababu ya kuiandika hapa, ila ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 13 Januari

Amekuja. Mfupi, buti kubwa, kofia ya jua imefungwa kidevuni kwa uzi. Aliona msingi kule kiwanjani kwanza, akaurukia mara mbili kama mtoto. Halafu akaja hapa jikoni, akaitandaza ramani, akakataa biskuti, halafu akala nne.

Anasema kuta za marobota zinaweza kubeba paa bila nguzo, ameshafanya nyumba sita. Lakini ukuta wa upande wa bahari una mita saba na hauna kitu cha kuushikilia. Upepo wa kusini-mashariki utausukuma. Lazima uwekwe ukuta mwingine wa kukatiza katikati, ndani.

“Amechora vizuri sana,” akasema. “Kasahau upepo tu.”

Nikaitikia. Mwanangu, aliyekulia kwenye upepo huu, kasahau upepo. Sikuumia. Niliangalia penseli yake ikichora mstari kwenye mstari wa Elrico, nikawaza kwamba penseli yake ni ngumu kuliko yetu.

Atarudi wiki ijayo na kipima unyevu. Anasema robota lenye maji ndani linaozea ukutani, plasta inaficha, na siku moja paa linakaa chini. Akishapima ndipo ataweka saini. Na anataka kuongea na kijana mwenyewe, ana maswali.

Nikasema kijana ana kazi mbali.

Dawid alikuwa mlangoni. Akageuka, akatoka.

Jumanne, 14 Januari

Nimefua. Nimeanika. Nimeanua.

Alhamisi, 16 Januari

Leo ni lazima niandike kwa mpango.

Asubuhi nimeenda ghalani kuyapanga marobota ili mhandisi apate pa kupita. Kila moja niliingiza vidole katikati ya kamba, ndivyo sisi tunavyofanya na lusani, majani ya kulishia ng'ombe, kabla ya kuirundika. Baridi. Baridi. Kavu. Upande wa nyuma, chini ya dirisha bovu, nikafika kwenye moja la joto.

Nikaingiza mkono wote mpaka kiwiko. Joto kabisa. Kama ubavu wa mtu aliyelala.

Sikuutoa. Nilipiga magoti pale, shavu kwenye mabua, mkono ndani, mpaka mgongo ukauma. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna wa kusoma: nilisikia furaha. Tangu mazishi sijasikia kitu, watu wananishika mikono na mimi naona tu kwamba wananishika. Leo nimesikia joto.

Halafu nikautoa, nikanusa. Mkate ulioota ukungu.

Najua kilichotokea. Limefungwa na maji ndani, linaoza, na linalooza hupata joto. Lusani hufungwa alfajiri, umande ukiwa bado juu yake, maana jua likipanda majani yanapukutika na unabaki na vijiti. Hapa kila mtu hufanya hivyo, na Elrico amefanya hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Ila mabua ya ngano hayana jani la kuokoa. Yanataka jua la saa saba. Siku ya kwanza ya kufunga alirudi saa mbili asubuhi, suruali imelowa mpaka magotini, nikamgombeza kwa ajili ya sakafu yangu. Amefunga nyumba yake kama anafunga chakula cha ng'ombe! Siku zilizofuata bosi alikuwa anaitumia mashine ya kufungia asubuhi, Elrico akaipata mchana, ndiyo maana mengine ni makavu. Bahati tu.

Nimeyahesabu. Ya joto ni arobaini na moja.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeyatoa. Yasipotolewa yanaweza kuwaka na ghala zima, hilo ni kweli. Lakini ningeweza kuyaacha uwanjani peupe yakaonekana. Nimeyapeleka nyuma ya banda la zamani kwa toroli, moja moja, na kuyatupia turubai.

Amekosea upepo. Asikosee na hili pia. Aliyekufa hawezi kusahihishwa kila wiki.

Dawid aliniona na toroli. Jioni aliweka mafuta ya kuchua kwenye kiti changu.

Jumapili, 19 Januari

Mwezi mmoja. Kanisani walimtaja. Dada yangu kaleta mchuzi wa kondoo na maharage mabichi, kasema nimekonda, kasema nilie nitapona. Nikasema nitajaribu. Mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi. Dawid hakwenda kanisani, alikaa kwenye ngazi anachonga kipande cha mti ambacho hakikuwa kitu chochote.

Jumatano, 22 Januari

Naandika jikoni. Wako nje.

Mhandisi Nokwazi amefika saa tatu. Kipima chake ni kama sindano ndefu ya kufumia, kina saa ndogo mwishoni. Kadunga marobota thelathini, aliyachagua mwenyewe huku na huku, mpaka yale ya chini kabisa. Yote makavu. “Safi,” alikuwa anasema. “Safi. Na hili, safi.” Nilimfuata nimemshikia karatasi. Nilijua yatakuwa safi.

Tukaja mezani. Akatoa fomu, akajaza jina la kiwanja, akachora ule ukuta wa kukatiza upya, kwa wino. Kalamu ilikuwa tayari chini kabisa, mahali pa saini. Akasita.

“Mama, daftari la kijana ulilonisomea linasema mia tatu na kumi. Mimi ghalani nimehesabu mia mbili sitini na tisa.”

Nikasema mengine tumewapa kondoo.

“Arobaini na moja?”

“Kondoo ni wengi.”

Akaniangalia. Si kwa ubaya. Akasema kwake si shida kwamba yamepungua, mabua yanapatikana. Shida ni kujua. “Kama kulikuwa na mabovu, Mama, lazima nijue yalikaa karibu na yapi, na yalifungwa lini. Yaliyokaa jirani nitayapima yote upya. Nikiweka saini, mnalala chini ya jina langu.” Halafu akasema, “Nipe namba ya kijana nimpigie. Dakika mbili tu.”

Nilitazama fomu. Nilikuwa nasubiri mdomo wangu useme kitu, uongo wowote ule utakaotoka.

Dawid akainuka. Akachukua kofia, akafungua mlango, akamwita mhandisi kwa mkono. Mhandisi akamfuata. Kalamu kaiacha juu ya fomu, haina kifuniko. Nimeifunika, isikauke.

Dirisha liko wazi, banda la zamani liko hapo hapo nje. Nasikia turubai linavutwa.

Nasikia Dawid. Anasema, “Mwanangu amefariki, mhandisi. Mama yake asingeweza kukwambia.” Mhandisi kasema kitu kwa sauti ndogo, sijakisikia.

Dawid anasema, “Haya aliyafunga alfajiri, na umande. Usimwandike kwamba hajui kazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga lusani. Siku moja, mdogo bado, alisubiri jua lipande, nikampiga kofi mbele ya watu.”

Nasikia Dawid anavuta turubai tena.

“Hakusubiri jua tena,” anasema.

Miaka thelathini na moja ya ndoa sijaisikia sauti hiyo. Inaniuma, inaniuma vibaya. Sitaki iache.

Mhandisi anauliza, “Ni mangapi, Mzee?” Dawid hajui. Anaanza kuyahesabu kwa sauti, anayagusa moja moja, nasikia kiganja. Kumi na tisa. Ishirini. Amekosea, amerudi kwenye kumi na nane. Anaanza upya kutoka moja.

Yako arobaini na moja, na mengine yako upande wa pili, Dawid hayaoni. Natafuta viatu vyangu.