Rekodi Tisa za Grâce

Likasi, Jumatano jioni

Yaya Bea, dada yangu mkubwa,

Usinicheke kwa Kiswahili hiki cha katekisimu. Kila nikianza kukuandikia kwa kile chetu cha nyumbani, machozi yanatangulia maneno. Basi nakuandikia kama masista walivyotufundisha. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, kompyuta yako iko mbele yangu. Leo mchana nimeweka diski mpya mahali pa ile yako. Haya, nimesema. Sasa nikuelezee, ingawa sijui nitaelezea namna gani.

Unakumbuka siku ile ulipojifungia chumbani unajirekodi kwenye kompyuta? Ugonjwa ulikuwa umekwisha kula nusu ya sauti yako. Niliingia na uji, ukanifukuza kwa mkono kama unafukuza kuku. Baadaye ukaniita, ukanionyesha: rekodi tisa, zote na jina la binti yako. "Hizi njo za Grâce. Utamupatia siku ya komunio yake ya kwanza, haiko mbele ya ile siku. Na usiambie muntu." Nikakuomba niziweke pia kwenye simu yangu. "Weye na simu yako! Kila mwezi unaiangusha." Ni kweli, naiangusha. Tulicheka mpaka ukakohoa, nami nikaogopa.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, wazee walikaa uani. Baba mukubwa wa mume wako, yule aliyetoka Kambove, akakata maneno: "Bintu ya marehemu, muntu asiguse mpaka tutamaliza matanga ya mwaka." Nguo zako, sufuria zako, kompyuta yako, vyote vikaingia kabatini, ufunguo akaondoka nao. Na kabati lile unalijua, limeegemea ukuta wa jikoni, pale mbabula inapowaka makaa tangu asubuhi.

Mimi nilijua, Yaya. Katika uwanja ule wote, mimi peke yangu nilijua. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka ndani, zinashika kumbukumbu kwa umeme mdogo sana uliofungiwa humo. Ikiwa mpya inavumilia. Ikiwa imechoka, uiweke mwaka mzima kwenye joto bila kuiwasha, umeme ule unavuja kidogo kidogo, na maneno yanaondoka nao. Na yako ilikuwa imechoka, kwa sababu mimi mwenyewe niliinunua ya mtumba Lubumbashi, nikaja kukusifia eti hii haifi ovyo. Ile ya zamani, iliyokuwa inanguruma lakini inafanya kazi, niliifuta nikaiuza. Fundi mzima! Ningekuwa fundi wa viatu ingekuwa afadhali.

Ningesimama tu na kusema, Baba, nipeni saa moja ninakili sauti ya mama ya huyu mtoto. Saa moja tu. Lakini wifi yako alikuwa ananitazama kwa jicho lake lile, na siku ya kilio alikwisha kusema, kwa sauti ya kusikika, kwamba ndugu za marehemu wanatolea macho vyombo. Nikaogopa midomo ya watu. Nikajiambia mwaka si mrefu, nikanyamaza.

Matanga yameisha mwezi uliopita. Shemeki, mume wako, aliniletea kompyuta mwenyewe. Amekonda, maskini. Anataka kufungua tena kibanda chako cha kuchapa barua, maana Grâce anakua na shule haingoji. Nikaiwasha. Diski ikaonekana dakika mbili, ikapotea. Nikaiwasha tena, ikapotea mapema zaidi. "Weka mupya tu, mambo iishe," akasema. Hakujua kilichomo. Hukumwambia, nami sikumwambia.

Nilimpigia fundi mmoja wa Lubumbashi anayefungua diski zilizokufa. Akaniambia bila kuzunguka: anaweza kutengeneza kipande kinachoiendesha, lakini kumbukumbu iliyovuja hakuna mkono wa kuirudisha, na kila ninapoiwasha naichosha. Wiki nzima sikuamua kitu. Niitengeneze, niibadilishe? Niliichomoa, nikatembea nayo mfukoni mpaka misani. Nilipokea komunio na wewe mfukoni, Yaya, nikaona aibu.

Jana nikajaribu mwenyewe, mara ya mwisho, nikiwa nimeunganisha betri ili umeme usinikate katikati. Rekodi nane zilikuwa majina matupu. Ya tisa ikaanza kuja, polepole, ikakwama. Kisha diski haikuonekana tena, na mpaka leo haijaonekana.

Nimepata sekunde kumi na moja. Kiti kinalia. Unakohoa. Halafu unasema: "Grâce, mama... Ngoja kwanza, nitaanza tena."

Basi. Ni hayo tu. Hutaanza tena, Yaya. Nimesikiliza mara ngapi sijui, na kila mara nangoja uanze, mjinga mimi.

Kompyuta sasa inakwenda mbio kuliko zamani. Shemeki amepita kuijaribu, amefurahi, amenishukuru mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Komunio ni Jumapili. Gauni limeshonwa, Grâce analivaa kila siku akitoka shule, tunamkemea alivue lisichafuke. Hajui kwamba kuna kitu alichowekewa. Hakuna anayejua. Na hapo ndipo shetani amekaa nami tangu jana: nikinyamaza tena, hakuna hata mmoja atakayeniuliza. Nitapiga makofi kanisani na wengine, nitakula wali, nitarudi nyumbani. Ni rahisi mno. Nimekwisha kufanya vile mara moja.

Sitafanya tena. Nakuahidi. Jumapili, baada ya misa, wote wakiwa wamekaa, shemeki, baba mukubwa, na wifi yako na jicho lake, nitasimama niseme zilikuwa tisa, na kwamba mimi nilijua zitapotea, nikaogopa kusemwa. Sitasema tu diski ilikufa. Kisha nitamweka Grâce pembeni yangu, nimpe sekunde zake kumi na moja. Akinichukia, ana haki.

Lala, Yaya wangu. Na usinisamehe sasa, nakuomba. Acha kwanza nimwambie mtoto.

Mdogo wako,
Mado