Gia ya Mashine ya Mama

Jumamosi. Ukungu umekaa migombani mpaka karibu saa sita, na baridi ya mwezi wa nane huku juu haina adabu. Nimeshinda na koti la marehemu baba humu humu ndani.

Leo gia imekubali. Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Au tuseme nilikuwa naye mmoja, nimeshamwambia, na ndiyo maana niko hivi.

Nianze vizuri.

Wanaosoma blogu hii (kama wapo, maana sijaona hata mmoja akiacha neno) wanajua mimi ni kitindamimba, na kwa desturi yetu Wachagga kihamba cha baba, yaani nyumba na shamba lake la migomba na kahawa, hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Kaka zangu wako Dar, na wananiona nimepata. Hawajui ilivyo kupika ndizi za mtu mmoja. Mimi kila nikikadiria zinajaa sufuria, kwa hiyo nakula zile zile mpaka nazichukia.

Mama alishuka Dar kwa kaka yangu Elia baada ya Pasaka, kutibiwa macho. Macho yamepona. Mama hajarudi.

Kabla hajaondoka, mashine yetu ya kumenyea kahawa ilianza kuteleza, mwisho ikavunjika gia ndogo. Ni ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, na miaka yote aliyeizungusha ni yeye. Hapendi mtu aiguse. Nikajiwekea akilini kwamba ikipona tu, Mama atarudi kwa mavuno aizungushe kama kawaida yake. Hiyo ndiyo siri ya ile mashine ya kuchonga niliyoagiza mtandaoni, niliyowaambia watu kwamba ni ya kujifurahisha.

Ni mashine ndogo, inaenea juu ya meza. Kompyuta inaiambia iende wapi, nayo inazungusha biti, yaani ule msumari wake wa kukatia, na kukata kama ilivyoambiwa, hata kama umeiambia ujinga. Siku ya kwanza sikuionyesha vizuri sifuri, yaani mahali pa kuanzia, ikashuka moja kwa moja ikachimba meza. Biti ikakatika. Ya pili niliivunja kwa haraka zangu mwenyewe. Nimeiweka kwenye zizi, maana ng'ombe tulishauza, na humo nilikaa nikacheka peke yangu. Sauti ikarudi kutoka ukutani. Sikucheka tena.

Nikaanza upya na vitu laini: mbao za mringaringa, kisha ubao wa plastiki wa kukatia nyanya nilioununua sokoni Kiboriloni. Mama Aika, jirani yangu, alisikia mlio akapita kuniuliza kama nimefungua kliniki ya meno. Nikamkaribisha aone. Akasema ameacha chungu motoni, akaenda zake. Nilitamani akae kidogo. Nilikuwa nimeshamfutia kigoda.

Kwa wauza vyuma chakavu nikapata kipande kinene cha shaba. Nikaipima gia iliyovunjika, jino kwa jino, mpaka macho yakauma. Nikaichora kwenye kompyuta, nikachonga mchana kutwa huku nikifagia vumbi la shaba kwa brashi ya viatu. Ikatoka inang'aa. Nikaifunga kwenye mashine ya Mama, nikazungusha. Ikateleza vile vile, kraa, kraa.

Jamani. Nilikuwa nimepima meno yaliyolika, nikayachonga yalivyo. Nimetengeneza gia mpya iliyochakaa!

Wiki nzima sikuingia zizini. Nilikasirika na nikajionea huruma, vyote kwa pamoja. Angekuwepo mtu mmoja tu wa kunicheka, nadhani ingeniuma nusu.

Juzi nilikuwa naosha mikono nikamkumbuka Mama anavyozungusha ule mkono wa mashine. Mbele, mbele, mbele tu. Hajawahi kurudisha nyuma. Basi meno yameliwa upande mmoja, na upande wa pili uko kama ulivyotoka kiwandani. Nikaenda kutazama na mikono yangu yenye sabuni. Kweli. Nikachukua umbo la ule upande mzima, nikaligeuza kwenye kompyuta ili pande zote mbili zifanane, nikachonga tena, safari hii taratibu.

Leo nimeifunga. Nikamwaga kahawa mbivu niliyochuma asubuhi, nikazungusha. Maganda upande huu, buni upande ule, safi kabisa. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Nikampigia Mama, nikaweka simu karibu na mashine asikie. Akasema baba angefurahi sana, akaniuliza nimekula nini. Halafu akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali, mwanangu. Nilishamwambia Elia anikatie tiketi ya Jumatatu, nije tuhangaike wote kahawa isikuozee. Sasa umeweza mwenyewe, acha nipumzike huku mpaka Krismasi."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Sawa! Mtu mzima na ndevu zangu, nikasema sawa. Nikamwambia awasalimie wote, nikakata simu, nikaendelea kuzungusha mpaka debe likaisha. Kisha nikakaa juu ya ndoo nikalia. Sioni sababu ya kuficha.

Ingebaki mbovu siku mbili tu zaidi, Mama angekuwa ndani ya basi anakuja.

Nimefikiria kuing'oa ile gia nimwambie imevunjika tena. Nimefikiria kwa dhati, spana ilikuwa mkononi. Nimeiacha. Sitaki kumleta kwa uongo, na nikijiuliza vizuri, hata kwa ajili ya kahawa sitaki aje. Miezi yote hii nimehangaika na shaba, na hakuna hata siku moja niliyomwambia kwamba nyumba imenishinda.

Kesho Jumapili nitampigia kabla hajaenda kanisani. Mashine sitaitaja. Nitamwambia: Mama, rudi nyumbani. Ni maneno matatu tu. Nimeyajaribu sasa hivi hapa jikoni, kwa sauti, nimefika kwenye "rudi" nikashindwa kuendelea.