Msumari Uliosuguliwa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika. Zege halina huruma, na vidole vimekakamaa hata kalamu naishika kama koleo. Usicheke mwandiko.

Ujumbe wako niliupata, kwamba nimwambie mwanao akishindwa tena kusema mbele ya walimu wake, afunge mizigo arudi mshike cherehani pamoja. Ulisema kemia si kazi ya mtu asiyefungua mdomo. Tulia kwanza, nikupe habari yote.

Huyo Bi Kimya wetu unamjua. Mara ya kwanza aliyotakiwa kueleza utafiti wake, aliinamia karatasi akasoma kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye. Walimu wakamwambia ajiandae upya.

Utafiti wenyewe ni huu: je, maji ya maganda ya machungwa yanazuia chuma kushika kutu? Maabara ilikuwa imefungwa kwa likizo, kwa hiyo alipanga chupa zake dirishani kwangu. Misumari mingine aliiweka kwenye maji ya chumvi yenye maganda, na mmoja kwenye maji ya chumvi matupu. Huo mmoja ulitakiwa uliwe na kutu kabisa, ndipo tofauti ionekane. Alipokuja kuutazama, akaukuta unang'aa kama meno ya bwana harusi. Basi maganda yake yakawa kazi bure. Aliandika alichokiona, akanyong'onyea.

Mwalimu wake alimshauri afanye mazoezi mbele ya watu wasiojua kemia. Hapo hakutafuta mbali: alitupata mimi na fundi rangi ninayekaa naye chumba kimoja. Jioni ya kwanza alitumwagia uoksidishaji, elektroni na ndugu zao wote. Fundi rangi akasinzia. Alipozinduka akamwambia, mwanangu, umesema vizuri, ila sisi umetuacha kituoni. Nikamwambia binti aeleze kama anayemweleza mama yake. Akajibu kwamba mama angemkatiza kabla hajafika kwenye msumari.

Jioni iliyofuata aliiacha karatasi. Akashika chupa mkononi, akasema msumari huu umekaa kwenye chumvi, ulitakiwa kuliwa na kutu, na mimi sijui kwa nini haukuliwa. Fundi rangi akainuka kitandani kama aliyekalia mwiba. Akasema, jamani, huo niliusugua mimi. Kumbe alikuwa akitafuta pa kuweka kikombe, akaona wenzake wamependeza na huo mmoja umechafuka, akaupiga msasa na kuurudisha. Fundi rangi akiona kutu, mkono hauulizi kichwa. Na jana yake alisikia habari yote ya msumari ule asijue ni wake.

Nilidhani Bi Kimya atalia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaanza jaribio upya, na kila chupa akaibandika karatasi: msasa marufuku.

Siku yenyewe waliniruhusu kukaa nyuma na viatu vyangu vya saruji. Akaanza na msumari uliosuguliwa, hakuuficha. Mwalimu mmoja mkali akamwuliza ana faida gani kuwaambia aibu hiyo. Akamjibu akimtazama usoni kwamba asiyejua jaribio liliharibikaje hawezi kulirudia vizuri, na kwamba yeye alilijua kosa siku alipoanza kueleweka. Ukumbi ulicheka, halafu ukatulia kumsikiliza. Maganda yanazuia kutu, dada, si yote lakini kwa kiasi kinachoonekana. Amefaulu.

Sasa nikuambie ukweli. Ujumbe wako wa cherehani sikumfikishia. Kila akiingia na chupa zake, ulimi wangu ulikuwa mzito. Mimi mwenyewe niliondolewa shule kwa ujumbe kama huo, na aliyeuleta alikuwa na mbio mno. Safari hii nikaona mjumbe awe mvivu. Kama bado unataka arudi, mwambie mwenyewe akija likizo. Ila ujipange, siku hizi anajibu.

Fundi rangi anakusalimu, anauliza kama hapo nyumbani pana chochote cha kusugua. Nibusie watoto, na goti ulipumzishe.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa mkemia.